Danteum: Jengo la mshairi Dante lililopangwa Roma mwaka 1938 na halikujengwa

Katikati ya jiji la Roma, Italia, kuna barabara pana iliyonyooka kutoka Piazza Venezia hadi Colosseum, ule uwanja wa kale ambao picha yake imo katika vitabu vingi vya historia. Mwaka 1938 wasanifu majengo wawili walichora nyumba ya kusimama kando ya barabara hiyo, ng'ambo ya magofu ya Basilica ya Maxentius. Mtu angeingia mlangoni na kutembea ndani yake kama anayesoma utenzi mrefu, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Nyumba hiyo iliitwa Danteum, kwa heshima ya mshairi Dante Alighieri. Mkuu wa serikali aliiona michoro akaikubali, na fedha ziliahidiwa. Hata hivyo hakuna jiwe hata moja lililowekwa. Ukipita hapo leo huoni alama yoyote yake.

Kwa nini basi bado inazungumzwa? Sababu moja ni kwamba michoro yake ni mizuri mno. Sababu nyingine haipendezi: mzee mshairi aliyefukuzwa na watawala wa zamani zake alikuwa anatumiwa kuwapamba watawala wengine, na hao walikuwa wametoka kuivamia Ethiopia.

Dante ni nani?

Dante alizaliwa mwaka 1265 mjini Florence. Italia wakati huo haikuwa nchi moja. Kila mji ulikuwa na serikali yake, na ndani ya kila mji kulikuwa na makundi yaliyogombania madaraka. Dante alikuwa mshairi, lakini pia aliingia katika siasa za mji wake. Mwaka 1301 kundi lililompinga lilishika madaraka akiwa safarini. Mwaka 1302 alihukumiwa bila kuwepo: kwanza kutozwa faini na kufukuzwa, na wiki chache baadaye ikaamuliwa kwamba akikamatwa achomwe moto akiwa hai.

Hakurudi tena kwao. Karibu miaka 20 aliishi kwa watu, akihama kutoka mji mmoja hadi mwingine, akila chakula cha wenyeji wake. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika kazi iliyompa jina, *Divina Commedia*, inayosimulia safari ya mtu aliyepotea msituni akiwa na umri wa miaka 35. Anaongozwa kupitia Jehanamu, kisha mlima wa Toharani, na mwishowe Peponi.

Kazi hiyo imepangwa kwa hesabu kali. Ina sehemu 100: moja ya utangulizi, halafu 33 za Jehanamu, 33 za Toharani na 33 za Peponi. Beti zake ni za mishororo mitatu mitatu, ambazo mjuzi wa mashairi ya Kiswahili angeziita tathlitha. Kina cha mshororo wa kati hubebwa hadi kwenye ubeti unaofuata, kwa hiyo beti zote zimefungamana kama mnyororo. Shikilia hesabu hizi za 3, 33 na 100, kwa sababu wasanifu wa Danteum walizitumia kama fundi anavyotumia futi yake.

Dante aliandika kwa lugha ya watu wa kwao badala ya Kilatini cha wasomi. Lugha yake hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa Kiitaliano kinachofundishwa shuleni leo, na kwa sababu hiyo Waitaliano humwita baba wa lugha yao.

Alifariki mwaka 1321 mjini Ravenna, akazikwa huko huko. Florence ilipojutia ilitaka kumrudisha akiwa mifupa. Mwaka 1519, Papa Leo wa Kumi, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Florence, alitoa ruhusa mabaki yachukuliwe. Wajumbe walipofungua kaburi wakakuta halina kitu. Watawa wa Ravenna walikuwa wameyaficha, na hayakuonekana tena hadi mwaka 1865. Florence ilikwisha kumjengea kaburi kubwa la marmari ndani ya kanisa la Santa Croce, na hadi leo kaburi hilo ni tupu. Kila mwaka mji huo hupeleka mafuta Ravenna kuwasha taa ya kaburi la kweli.

Wazo la Danteum lilitoka wapi?

Mtu aliyelianzisha ni Rino Valdameri, mkuu wa chuo cha sanaa cha Brera mjini Milano. Alimpenda Dante na pia alikuwa karibu na utawala wa siku hizo. Alitaka Roma iwe na mahali pa kumkumbukia mshairi huyo, pakiwa na maktaba ya kukusanya matoleo ya kazi zake na ofisi za watafiti. Tajiri mmoja mwenye viwanda, Alessandro Poss, aliahidi fedha. Kazi ya kuchora wakapewa Giuseppe Terragni na Pietro Lingeri, na msanii Mario Sironi akatakiwa kuchonga picha za ukutani.

Terragni alikuwa na umri wa miaka 34, na tayari alikuwa na jina. Mjini Como, kaskazini mwa Italia, alikuwa amejenga makao ya chama tawala yaliyokamilika mwaka 1936, jengo jeupe la mraba ambalo wanafunzi wa usanifu duniani kote bado wanalisoma. Alikuwa mwanachama wa chama cha kifashisti, na hakulazimishwa. Aliamini kwamba utawala ule ulikuwa unaijenga Italia mpya, na kwamba Italia mpya ilihitaji majengo ya namna mpya.

Novemba 1938 michoro ilipelekwa kwa Benito Mussolini, kiongozi wa Italia, naye akaikubali. Lengo lilikuwa jengo liwe tayari mwaka 1942, wakati Roma ilipopangiwa kuwa mwenyeji wa maonyesho makubwa ya dunia, miaka 20 tangu wafashisti waingie madarakani.

Tuingie ndani

Tuseme jengo lilijengwa, na wewe umefika. Utaingiaje?

Kwanza huoni mlango. Mbele yako kuna ukuta mrefu wa mawe makubwa 100, jiwe moja kwa kila sehemu ya utenzi. Unazunguka nyuma ya ukuta huo na kupita katika njia nyembamba kati ya kuta mbili ndefu, ukishuku kama umepotea. Ghafla unatokea kwenye ua ulio wazi na usio na kitu. Terragni alieleza katika maandishi yake kwamba ua huo aliuacha bila kazi kwa makusudi. Unawakilisha miaka ya Dante kabla ya safari yake, miaka aliyoiona kuwa ya kupotea.

Pembeni ya ua kuna msitu wa nguzo 100 za mawe, zimesimama kwa safu, kumi kwa kumi. Huo ndio ule msitu wa mwanzo wa hadithi. Unapita katikati yake ukiwa na giza juu, kwa sababu nguzo hizo zimebeba sakafu ya chumba kilicho juu yako, ambacho ni Pepo. Kwa hiyo aliyepotea msituni, bila kujua, tayari yuko chini ya Pepo, ila njia ya kufika huko ni ndefu.

Unapanda hatua kadhaa na kuingia Jehanamu. Hapa ndipo wasanifu walipofanya jambo la busara kuliko yote kwa maoni yangu. Hawakuchora mashetani wala moto. Chumba kina nguzo saba, na hakuna iliyo sawa na mwenzake. Ya kwanza ni nene kabisa na inayofuata ni nyembamba kidogo, hivyo hivyo hadi ya saba. Kila nguzo imesimama katikati ya mraba wake wa sakafu na kubeba kipande chake cha dari. Miraba inapungua ukubwa na kujizungusha kama gamba la konokono, na sakafu inashuka pamoja nayo. Mwanga unaingia kwa nyufa tu, kati ya vipande vya dari. Mgeni angehisi kwamba juu yake kuna uzito mkubwa uliopasuka, na kwamba miguu inamvuta kuelekea shimoni.

Halafu Toharani. Ni chumba kingine chenye miraba saba, na sasa sakafu inapanda badala ya kushuka. Hakuna nguzo. Juu ya kila mraba dari imefunguliwa, na unaona mbingu. Katika utenzi, Toharani ni mlima wenye ngazi saba ambao roho huupanda zikitubu, na hewa yake ni ya asubuhi.

Mwisho unafika Peponi, ile sakafu iliyobebwa na msitu. Kuna nguzo 33 na zote ni za kioo. Dari nayo ni ya kuonyesha mbingu. Katika mchoro wa rangi uliobaki, nguzo hizo karibu hazionekani. Ni mistari ya mwanga tu iliyosimama chini ya anga.

Swali la fundi yeyote wa ujenzi ni kama nguzo za kioo zingeshika. Wasanifu hawakuzibebesha uzito wa paa la zege. Zilikuwa za kushika fremu nyepesi. Hata hivyo mwaka 1938 kazi hiyo ingekuwa ngumu mno, na ghali.

Siri ya vipimo

Ule mpangilio wa miraba inayopungua una hesabu yake, na unaweza kuijaribu mwenyewe kwa mkasi na karatasi. Kata karatasi yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 16 na milimita 2. Kisha toa mraba wa sentimita 10 kwa 10. Kipande kitakachobaki kitakuwa na umbo lile lile la karatasi ya mwanzo, dogo tu. Katika kipande hicho nacho toa mraba. Kitakachobaki kitakuwa na umbo lile lile tena. Unaweza kuendelea mpaka mkasi ushindwe. Umbo hili wanahisabati huliita mstatili wa dhahabu, na lilijulikana tangu zama za Wagiriki wa kale.

Danteum nzima ilichorwa juu ya umbo hilo, na Jehanamu ndiko linakoonekana waziwazi: kila mraba uliotolewa ukapewa nguzo yake. Upande mrefu wa jengo nao haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Ulifanywa kuwa sawa na upande mfupi wa Basilica ya Maxentius, yale magofu ya ng'ambo ya barabara. Jengo jipya lilichukua kipimo chake kutoka kwa jengo la zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kama mtoto anavyoshonewa nguo kwa kitambaa kilichobaki cha babu.

Njia nyembamba ya Dola

Sasa tufike kwenye chumba ambacho sikukitaja. Ndani ya Danteum, kando ya vyumba vile vitatu, kulikuwa na njia ndefu nyembamba iliyopewa jina la Dola, na mwisho wake ungekuwa na tai, ndege aliyekuwa alama ya dola la Warumi.

Wasanifu walikuwa na kisingizio ndani ya kazi za Dante mwenyewe. Dante aliyeteswa na ugomvi wa vikundi vya miji aliandika kitabu kiitwacho *Monarchia*, akitamani mfalme mmoja mkuu atakayewaleta watu wote chini ya sheria na amani. Wafashisti walisoma hapo wakajiona wenyewe. Walisema dola aliyoiota Dante ndiyo hii yetu.

Dola ipi? Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia. Yalitumia ndege na gesi ya sumu dhidi ya watu ambao wengi wao hawakuwa na hata viatu, yakaingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Siku nne baadaye Mussolini alitangaza kwamba Italia ina dola tena. Barabara ambayo Danteum ingejengwa kando yake iliitwa wakati huo Barabara ya Dola. Kwenye ukuta wake kulibandikwa ramani kubwa za mawe zinazoonyesha jinsi Roma ya kale ilivyokua, na mwaka 1936 ikaongezwa ramani ya tano, yenye Ethiopia, Eritrea na Somalia kama mali ya Italia. Mgeni wa Danteum angekuwa ameipita ramani hiyo akija kumheshimu mshairi.

Barabara yenyewe ilipatikana kwa kubomoa mtaa mzima wa watu. Maelfu walihamishwa kutoka nyumba walizozaliwa na kupelekwa nje ya jiji, ili gwaride lipate nafasi ya kupita. Mshairi aliyefukuzwa kwao angejengewa nyumba kwenye ardhi ya waliofukuzwa.

Na mwezi ule ule wa Novemba 1938, Mussolini alipoidhinisha Danteum, serikali yake ilitoa sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi wa Italia. Walikatazwa kuoana na Waitaliano wengine na kufanya kazi serikalini. Watoto wao walikuwa wamekwisha kufukuzwa shule za umma miezi michache nyuma.

Wapo wasomi wanaosema tulitazame jengo tu na siasa tuziache kando. Mimi sioni jinsi ya kufanya hivyo, maana ile njia ya Dola ipo kwenye michoro. Lakini pia sioni kwamba njia hiyo inafuta kile chumba cha nguzo saba. Wanaokumbuka nyimbo nzuri zilizotungwa kuwasifu viongozi wabaya wanaufahamu ugumu huu. Wimbo unabaki mzuri, na bado tunajua uliimbwa kwa ajili ya nani.

Kwa nini halikujengwa?

Vita. Ujerumani iliivamia Poland mwaka 1939, na Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani tarehe 10 Juni 1940. Fedha, chuma na watu vyote vilielekezwa huko. Maonyesho ya mwaka 1942 yakafutwa. Kusini mwa Roma yalibaki majengo machache yaliyokuwa yameanza kwa ajili ya maonyesho hayo, na mtaa huo leo unaitwa EUR. Danteum haikuwa imeanza, kwa hiyo haikuacha hata msingi.

Ukanda wetu unaingia hapa kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, yakiwa na askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, yaliwashinda Waitaliano Somalia na Ethiopia. Mfalme Haile Selassie alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie. Maelfu ya mateka wa Kiitaliano waliletwa Kenya na kupewa kazi ya kujenga barabara. Aliyewahi kushuka kwa barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha ameliona kanisa dogo la mawe kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Mateka hao ndio walilijenga mwaka 1942, mwaka ule ule ambao Roma ilipaswa kufungua nguzo zake za kioo.

Terragni mwenyewe aliitwa jeshini. Alipelekwa Balkani, kisha katika baridi ya Urusi, alikoona jeshi la Italia likiangamia. Mapema mwaka 1943 alirudishwa nyumbani akiwa amevunjika akili, na tarehe 19 Julai mwaka huo alikufa mjini Como, akiwa na umri wa miaka 39. Siku hiyo hiyo ndege za Marekani ziliipiga Roma kwa mabomu kwa mara ya kwanza. Siku sita baadaye Mussolini aliondolewa madarakani. Valdameri naye alifariki mwaka huo huo. Lingeri aliishi hadi mwaka 1968, lakini hakuna aliyemwomba tena kulijenga jengo lile, wala lisingependeza kwa wakati huo.

Kilichobaki

Imebaki michoro ya rangi za maji, ramani, na sehemu ya maelezo aliyoandika Terragni. Kwa miaka mingi ni wachache waliovijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 msanifu wa Kimarekani, Thomas Schumacher, alichapisha kitabu juu ya Danteum, na tangu hapo wanafunzi wa usanifu wamekuwa wakiijenga upya kwa mbao nyembamba, kwa karatasi, na sasa kwa kompyuta. Ukitafuta neno Danteum kwenye simu yako utaona picha zinazofanana na za jengo la kweli. Zote zimetengenezwa.

Dante naye aliendelea kusomwa bila jengo, na mara nyingine katika mahali ambapo wafashisti hawakupapanga. Antonio Gramsci, kiongozi wa Wakomunisti wa Italia aliyefungwa na Mussolini, aliandika gerezani uchambuzi wa sehemu ya 10 ya Jehanamu. Alifariki mwaka 1937, siku chache baada ya kifungo chake kumalizika.

Mwingine ni Primo Levi, kijana Myahudi wa Torino, mwanakemia. Alikamatwa Desemba 1943 na kupelekwa kambi ya mateso ya Auschwitz. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1947 anasimulia siku moja walipotumwa, yeye na mfungwa kijana kutoka Ufaransa, kwenda kuchukua sufuria kubwa ya supu. Njiani Levi alianza kumfundisha Kiitaliano kwa kutumia sehemu ya Jehanamu inayosimulia safari ya mwisho ya Ulisse baharini. Alikumbuka mishororo kadhaa, mingine ilimtoka kichwani. Anasema angekubali kuacha supu yake ya siku hiyo kama tu angeweza kuikumbuka iliyokosekana.

Walifika jikoni kabla hajamaliza. Supu ilikuwa ya kabichi na tanipu.